Kwa nini mihadhara ya historia chuoni haina watu, lakini usiku wa utamaduni hujaa hadi madirishani?

#1 Mwanakihesa

Habari za jioni, wanajukwaa. Nina jambo linalonikera tangu juma lililopita, na nimelileta hapa kwa sababu humu wamo wanafunzi, walimu na wazee wanaoishi jirani na vyuo vyetu.

Mimi ni mwanakamati wa kuandaa mihadhara ya historia katika chuo kimoja cha hapa Iringa, ambacho sitakitaja. Mwishoni mwa Oktoba tuliandaa mhadhara juu ya kuanguka kwa Kalenga, ngome ya Mkwawa, chifu wa Wahehe, iliyotekwa na Wajerumani tarehe 30 Oktoba 1894. Msemaji alikuja na ramani aliyoichora kwa mkono, akaonyesha ukuta ulipopita, mto Ruaha Mdogo ulipo, na upande ambao jeshi la gavana wa Kijerumani, von Schele, liliingilia. Tulipanga viti 150. Waliokaa walikuwa 14, na wawili kati yao walikuwa mafundi wa vipaza sauti waliosubiri tumalize ili wakunje nyaya zao. Siku tisa baadaye ukumbi uleule ulikuwa na usiku wa utamaduni, na kufika saa moja na nusu jioni hapakuwa na pa kusimama. Kina mama kutoka Mlandege walikuja na watoto mgongoni. Vijana walining'inia madirishani.

Watu ni walewale na ukumbi ni uleule. Kwa nini basi? Mimi nadai kwamba kosa ni letu waandaaji, ila sijui ni kosa lipi hasa.

#2 Binti wa Mufindi

Asante kwa mada, kaka. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasomea ualimu wa historia na Kiswahili, na ninakiri kwamba ni mmoja wa wasiokuja. Tangazo lenu lilibandikwa kwenye ubao wa idara, pale ambapo hata matokeo ya mwaka juzi bado hayajabanduliwa. Mada ilikuwa na maneno kumi na saba ya Kiingereza, niliyahesabu. Muda ulikuwa saa nane mchana siku ya Jumanne, nasi tulikuwa na semina hadi saa tisa na nusu. Usiku wa utamaduni ulitangazwa kwa Kiswahili, kwa kipaza sauti, bwaloni, wakati wa chakula. Nadhani tusiende mbali kutafuta sababu kabla hatujaitazama hiyo.

#3 Sauti ya Tosamaganga

Mada nzuri, lakini tuseme ukweli bila kuuremba. Watu hufuata chakula, hufuata ulanzi, ile pombe ya mianzi, na wengine hufuata wachumba. Mwanakihesa, siku ukiweka madumu matatu ya ulanzi mlangoni, mhadhara wako utajaa hata ukiwa unahusu bei ya chumvi mwaka 1900.

#4 Mbeta

Sauti ya Tosamaganga, wewe unaishi kati ya mianzi, nashangaa unasahau msimu. Usiku huo ulifanyika mapema Novemba, mvua bado. Ulanzi hutoka kwenye mwanzi mchanga unaochipua wakati wa mvua: mgemaji hukata ncha asubuhi, hutega mbeta, kile chombo cha mwanzi cha kukingia, hurudi jioni kukata tena kidogo ili utomvu uendelee kudondoka, na kesho yake hivyohivyo. Kama uliona madumu mlangoni mwezi wa kumi na moja, hiyo ilikuwa togwa, na togwa haijawahi kumfanya mtu aning'inie dirishani.

Kuhusu swali lenyewe, naungana na Binti wa Mufindi katika suala la lugha. Mzee wangu alihudhuria mhadhara mmoja miaka ya nyuma. Msemaji alilitaja jina la Mkwawa zaidi ya mara thelathini, na mzee alitoka akiwa ameelewa jina hilo tu.

#5 Mwalimu Mstaafu wa Ilula

Salaam kwenu nyote. Nilifundisha historia sekondari kwa miaka 31, na naomba mnivumilie nikiandika kwa kirefu.

Lugha na saa ni sababu za kweli, lakini zipo tangu zamani, na zamani watu walikuwa wakija. Mwaka 1968 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwatuma wanafunzi vijijini, hasa kusini, kukusanya masimulizi ya Vita vya Majimaji kutoka kwa wazee walioviona kwa macho yao au waliosimuliwa na wazazi wao. Vita vilianza 1905, kwa hiyo mzee wa miaka 80 wakati ule alikuwa kijana wa miaka 17 vilipoanza. Mwanafunzi alikaa kwenye kigoda, akauliza, akaandika, akarudi chuoni na kitu ambacho mwalimu wake hakuwa nacho. Mhadhara uliofuata ulikuwa na wenyewe ukumbini, kwa sababu kila mmoja alitaka kusikia kama kijiji alichokwenda kimetajwa, na kama kimetajwa sawasawa.

Siku hizi mwanafunzi anaitwa akae asikilize jambo ambalo hana mkono ndani yake. Katika usiku wa utamaduni hali ni tofauti kabisa. Kundi moja la ngoma lina watu ishirini, na kila mmoja ana marafiki watano wanaotaka kumwona akicheza. Piga hesabu mwenyewe, Mwanakihesa, utaona ukumbi umeshajaa kabla mgeni wa mtaani hajafika. Mimi naona sababu ni umiliki. Tangazo lingebandikwa kwenye kila mti wa chuo, bado mtu asingekwenda kutazama kazi isiyo yake.

#6 Mngoni wa Peramiho

Shikamoo, Mwalimu. Nakubaliana nawe nusu, na nusu nyingine naitafuta kwenye kalenda.

Sisi Songea tunawakumbuka mashujaa wetu kila tarehe 27 Februari, siku ambayo Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni mwaka 1906. Watu hujaa kwenye makumbusho ya Majimaji, na siku hiyo hakuna anayeuliza kama ni ya historia au ya utamaduni. Lizombe, ngoma yetu, linachezwa, wazee wanazungumza, wanafunzi wapo, masomo yanaendelea. Sasa tazameni tarehe zenu, watani zangu Wahehe. Lugalo, mlipowashinda Wajerumani, ni tarehe 17 Agosti. Kifo cha Mkwawa ni tarehe 19 Julai. Julai wanafunzi wako kwenye mitihani, na Agosti walimu tarajali wako kwenye mazoezi ya kufundisha Mtwara na Kagera. Kila mwaka tarehe zenu kubwa zinapita wanafunzi wakiwa hawana nafasi, halafu mnakuja kutafuta watu mwishoni mwa Oktoba.

Nilitaka kuongeza kwamba sisi tuliwapiga mapema ndiyo maana hata kalenda imewachanganya, lakini nitaliacha lipite.

#7 Mlandege Juu

Mngoni, vita vile vya Wangoni na Wahehe vya 1878 hadi 1882 hakuna aliyempiga mwenzake, soma vizuri, na utani wako nimeupokea.

Kwa upande wangu, tatizo ni kwamba mihadhara inaacha mambo yenye damu na kushika mambo makavu. Lugalo peke yake ingetosha kujaza uwanja. Mwaka 1894 Mkwawa mwenyewe alimchoma mkuki kamanda wa Wajerumani, von Zelewski, wakachukua bunduki zote. Nani asingekuja kusikia hayo yakisimuliwa vizuri?

#8 Mwanakihesa

Mlandege Juu, naomba nikurekebishe, kwa sababu makosa ya namna hii ndiyo yanayotuaibisha tukisimama mbele za watu. Lugalo ilikuwa 1891, tarehe aliyoitaja Mngoni. 1894 ni Kalenga. Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo, aliuawa kweli siku ile, lakini masimulizi humtaja kijana mdogo kuwa ndiye aliyemwua, hayamtaji Mkwawa. Inasimuliwa pia kwamba Wahehe waliojificha vichakani walikuwa wakisubiri mlio wa bunduki uwe ishara, na ofisa mmoja wa Kijerumani akafyatua risasi kumlenga ndege, nao wakaamka kabla ya wakati uliopangwa. Hebu mfikirie huyo ndege. Mambo haya yote yalikuwamo kwenye mhadhara wetu, na waliyasikia watu 14.

#9 Mlandege Juu

Nimekubali kosa, asante. Lakini umeona mwenyewe: nimekosea kwa sababu nilisimuliwa kijiweni, sikusimuliwa chuoni.

#10 Mcheza Ngoma

Naomba na mimi niseme, maana mnatusifu kupita kiasi. Nilicheza usiku ule. Tulikuwa kumi na wanane, tulijifunza lizombe kwa juma mbili kutoka kwenye video za simu, na kati yetu Mngoni alikuwa mmoja tu. Tulipewa dakika saba. Mshereheshaji alitutambulisha kwa kusema, "Sasa ni zamu ya Ruvuma," basi. Nilikuwa nimefunga njuga miguuni, kamba ilinikata juu ya kifundo, na hadi leo nina alama, lakini maneno ya wimbo niliokuwa nikiitikia sikuyajua maana. Baada ya kushuka jukwaani mama mmoja mtu mzima aliniita pembeni, akaniambia kwamba ubeti wa pili nilikuwa naukata katikati ya neno. Aliuimba taratibu, mara tatu, akinishika mkono ili nisikimbie. Zile dakika mbili pale kando ya jukwaa nilijifunza zaidi kuliko juma mbili za mazoezi.

Kwa hiyo ukumbi ulijaa, ni kweli, lakini ulijaa watu wanaotazama. Mkiniuliza mimi, mhadhara wa watu 14 haukuwa na hasara kubwa kama mnavyodhani.

#11 Binti wa Mufindi

Mcheza Ngoma, umenigusa. Je, huyo mama alikuwa nani? Na kwa nini hakuwa jukwaani?

#12 Mcheza Ngoma

Alisema anauza mboga Soko Kuu na alizaliwa Mbinga. Hakuwa jukwaani kwa sababu hakualikwa.

#13 Mtoto wa Chunya

Habari zenu. Naandika kutoka Mbeya, na huku mambo hayaendi kama mnavyoeleza. Nilihudhuria mhadhara mmoja juu ya dhahabu ya Lupa, ile iliyowavuta watu kwa maelfu kwenda Chunya miaka ya 1920 na 1930. Msemaji alikuwa wa kawaida kabisa, hakuwa hodari wa kuzungumza, tena alisoma kwenye karatasi. Chumba kilijaa kwa sababu nusu ya waliokuwamo wana babu aliyechimba kule. Mimi babu yangu mzaa mama alikuwa mmoja wao. Alirudi Rungwe na sufuria moja na kifua kibovu. Msemaji alipotaja jinsi vibarua walivyolipwa na jinsi walivyopitia makambini, watu walianza kunyoosha mikono bila kuruhusiwa. Mmoja alisema, "Hapana, kwetu walipita njia ya chini."

Mwalimu wa Ilula ameiita umiliki. Mimi ningesema ni ukaribu wa miaka. Lupa ni babu, Lugalo ni babu wa babu. Kadiri mambo yanavyozidi kuwa ya zamani, ndivyo yanavyohitaji msimulizi mzuri zaidi.

#14 Mwalimu Mstaafu wa Ilula

Mtoto wa Chunya, hoja yako ina uzito, lakini ingekuwa miaka peke yake, Isimila isingekuwa na wageni. Zana za mawe za pale ni za kale kiasi kwamba hakuna ukoo wowote unaoweza kudai ni za babu yao, na bado kila nilipowapeleka wanafunzi wa kidato cha kwanza walishuka lile bonde kimya, wakainama, na ilibidi niwakataze kuokota. Mahali penyewe hufanya kazi ambayo ukumbi hauwezi. Kutoka mjini Iringa hadi Kalenga ni kama kilometa 15 tu. Nani alisema mhadhara juu ya Kalenga lazima ufanyike kwenye viti vya plastiki chini ya mabati?

#15 Mgeni kutoka Kanda ya Ziwa

Naomba nitie neno kama mtu aliyekuja Iringa kusoma tu. Nilipofika mwaka wa kwanza, kila mhadhara wa historia niliouona ulihusu Wahehe, nami nikajiambia kwamba hayo ni mambo ya wenyeji. Usiku wa utamaduni ndio ulioniambia kwamba na mimi nina nafasi, kwa sababu tulicheza bugobogobo, na majembe tuliazima kwa mtunza bustani wa chuo. Sisemi historia ya Mkwawa si yangu; leo najua ni yangu. Nasema tu kwamba hakuna aliyenikaribisha kwa namna iliyonifanya niamini hivyo. Mwalimu anasema mahali penyewe, Binti anasema lugha, Mngoni anasema kalenda. Mimi nasema ukaribisho.

#16 Sauti ya Tosamaganga

Nimesoma yote, na nimeacha hoja ya ulanzi. Nina nyingine.

Mhadhara pekee niliouona ukijaa hapa mjini ulihusu fuvu la Mkwawa. Watu walisimama hadi nje ya ukumbi. Na sababu ilikuwa moja: hakuna aliyejua utaishaje. Mnajua habari yenyewe. Mkwawa alijiua Julai 1898 kule Mlambalasi ili asikamatwe akiwa hai, wakati kichwa chake kikiwa kimeahidiwa zawadi ya rupia 5,000. Fuvu likapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika kifungu cha 246, ukaitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Ikapita miaka zaidi ya thelathini. Gavana Twining ndiye aliyekwenda Bremen, akaoneshwa mafuvu mengi ya makumbusho, akachagua kwa vipimo vya kichwa vilivyolingana na vya ndugu wa Mkwawa na kwa tundu la risasi, na tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu.

Msemaji alipofika hapo aliuliza, "Je, vipimo vinatosha?" Ukumbi uligawanyika palepale. Wengine walisema vinatosha, wengine wakasema hapana, mwanafunzi wa baiolojia akaenda ubaoni kuchora. Tulitoka saa tatu usiku tukibishana njiani. Mihadhara mingine inaletwa ikiwa imeshajibiwa yote, sasa sisi twende kufanya nini?

#17 Mkaaji wa Kalenga

Kamwene. Nimekuwa nikisoma tangu jana na nilitaka kunyamaza, lakini mchango namba 16 umenifanya niandike.

Ninaishi hatua chache kutoka makumbusho. Ninyi mnasema ukumbi ulijaa na watu walibishana, na ninaamini mlibishana kwa nia njema. Lakini lile fuvu lililo ndani ya kioo, kwa sisi wengine ni mzee wetu. Mama yangu mkubwa, kila anapopita mbele ya lile jengo, hupunguza mwendo na kufunga kanga yake vizuri, hata kama ana kuni kichwani. Hajawahi kuingia kwenye mhadhara wowote na hajawahi kuulizwa kama vipimo vinatosha. Yeye anajua wimbo ambao bibi yake aliuimba siku za kukimbia, wakati watu walipokuwa wakihamahama na Mkwawa porini kati ya 1894 na 1898, wakipika usiku ili moshi usionekane.

Mara tatu vyuo vimetuma gari kuja kuchukua kikundi chetu cha ngoma, na mara zote tatu gari lilikuja likiwa tupu na kurudi limejaa wachezaji. Hakuna hata mara moja lilipokuja na mtu mwenye daftari. Mnatuita kucheza, na wa kusema mnamtafuta kwingine. Mcheza Ngoma ameeleza habari ya mama wa Soko Kuu; huku kwetu wako wengi kama yeye.

#18 Sauti ya Tosamaganga

Mkaaji wa Kalenga, naomba radhi kwa namna nilivyolisema jambo lile.

#19 Mbeta

Mimi pia nimeguswa, lakini sitaki tukubaliane haraka kupita kiasi. Wazee wakisimulia wao kwa wao nao hutofautiana. Chukueni jina Tosamaganga lenyewe, yaani kurusha mawe. Wapo wanaosema lilitokana na mizinga ya Wajerumani iliyopiga Kalenga kutoka mlima ule, watu wakaona kama mawe yanarushwa, na wapo wazee wanaoapa kwamba jina lilikuwapo kabla Mjerumani hajafika. Nani atawasikiliza wote wawili akiwa na ramani mkononi, kama si huyo msemaji mliyemwacha na watu 14? Tunamhitaji mama mwenye wimbo, na tunamhitaji yule aliyesoma nyaraka za Kijerumani, wakiwa kwenye mkeka mmoja.

#20 Mngoni wa Peramiho

Dar es Salaam walijaribu jambo linalofanana na hilo. Kigoda cha Mwalimu Nyerere, yaani kiti cha uprofesa chenye jina lake, kilipoanzishwa pale Chuo Kikuu mwaka 2008, na Profesa Issa Shivji akawa wa kwanza kukikalia, matamasha yake yalichanganya mihadhara, mashairi na muziki katika siku zilezile, na watu walikaa. Ila sijui kama walikaa kwa sababu ya mchanganyiko huo au kwa sababu ya Shivji.

#21 Binti wa Mufindi

Au kwa sababu walizungumza Kiswahili. Bado sijahama kwenye hoja yangu.

#22 Mwanakihesa

Nimeandika hoja zenu zote kwenye daftari, na nikizisoma naona hazikai pamoja. Mwalimu anataka wanafunzi watoke waende vijijini, Mgeni anataka akaribishwe, Sauti anataka swali lililo wazi, na Mkaaji wa Kalenga anatukumbusha kwamba swali lililo wazi kwetu ni jeraha kwa mtu mwingine. Siwezi kuzipeleka zote kwenye kamati kwa mara moja.

Lakini kuna moja naiweza. Jumamosi ijayo msemaji wetu bado yupo Iringa. Mkaaji wa Kalenga, kama mama mkubwa ataridhia, tungependa kuja watu wanane, pamoja na yeye na ramani yake, bila vipaza sauti. Tutakuja na daftari. Mcheza Ngoma amekubali kuja, na Mgeni pia. Tunaomba utuulizie kwanza, na akikataa tutaelewa.

#23 Mkaaji wa Kalenga

Nimemwuliza jioni hii. Amesema mje, ila baada ya saa nne, kwa kuwa asubuhi yuko shambani anatayarisha matuta kabla mvua haijaanza. Amesema wimbo ni wa Kihehe cha zamani na hatautafsiri yeye, mtafute mtu. Tena ameuliza huyo mwenye ramani ni mtoto wa nani.

#24 Mwanakihesa

Asante sana. Tuje na nini?

#25 Mkaaji wa Kalenga

Sukari kilo mbili na majani ya chai. Mbeta amekwisha kuwaeleza habari ya ulanzi.